Pacha Niliyemzika Chini ya Mzabibu

Mimi ni fundi makochi, na pembeni ni mwosha maiti. Kazi ya kwanza imenipa nyumba hapa Rosettenville, Johannesburg, ya pili imenipa heshima. Shule niliiacha darasa la tatu, kule Tanga, na sijaona ilichoninyima. Nimewatengenezea makochi madaktari. Nimewaosha madaktari pia, na mtu akishalazwa pale kwenye ubao hujui kama alisoma au hakusoma.

Nasema haya ili ujue kwamba mikono yangu inajua inachofanya. Msimu wa mvua uliopita ilifanya kazi yake vizuri sana, na mpaka leo nikiitazama naona aibu.

Nyumba hii niliinunua kwa mzee mmoja Mreno aliyekuwa anarudi kwao. Aliniachia mzabibu uani, na kigae ukutani kando ya mlango wa mbele, chenye picha ya Bibi Mariamu amempakata mwanawe. Wenzangu wa msikitini waliniambia nikibandue. Nikawaambia nyundo ile pale, abandue anayetaka. Hakuna aliyeishika. Kwa hiyo Bibi Mariamu yupo mpaka leo, na juu yake, kwenye fremu ya mlango, ipo hirizi yangu niliyotoka nayo Tanga. Wanalinda mlango mmoja, na sijawahi kusikia wakigombana.

Vyumba vya nyuma napangisha. Kimoja anakaa msusi, Mkongomani wa Bukavu, mwanamke wa kanisa la maombi ya kelele. Mlango wake ameupaka mafuta ya upako, na chini ya mto analalia leso ya mchungaji wake. Cha pili alikuja mama mmoja wa Benin, mshonaji, na binti yake mdogo wa umri wa kreshi, yaani chekechea. Kiswahili huyo mama alikiokota mtaa wa Berea, kwenye fleti aliyochangia na Wakongomani, ndiyo maana akawa ananiita Papa, yaani baba, kama wao. Binti amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia, kukisema hataki. Anajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mimi aliniita Mkhulu, yaani babu. Nilipenda. Wajukuu zangu wako Tanga na wananijua kwa simu tu.

Walikuwa watu watulivu. Cherehani ikilia nyuma na nyundo yangu ikigonga mbele, nyumba ilikuwa na uhai ambao haikuwa nao tangu mke wangu afariki.

Basi siku moja msusi akanijia karakana, nimepiga magoti navisha kochi, misumari mdomoni.

"Papa, unajua ule mama wa Benin iko nafanya nini mule ndani?"

Nikatoa misumari. "Anashona."

"Anashona! Iko naosha sanamu, Papa. Kasanamu ka miti. Na sabuni, na maji ya moto. Halafu anakapaka mafuta, anakavalisha, anakakalisha ku meza. Anakapa bugali!"

"Umeyaona wapi hayo?"

"Na macho yangu. Dirisha ilikuwa wazi."

"Ilikuwa wazi, au uliifungua?"

"Eh, Papa, usigeuze maneno. Benin ndiko kwenyewe kwa vudu. Kale kasanamu ni mtu. Anaweza kuwa mimi. Anaweza kuwa weye. Hilo goti lako linauma, unafikiri ni uzee?"

Nilimcheka. Alipoondoka nikajaribu kuinuka, na goti likauma kweli.

Niseme wazi nilichokijua kuhusu vudu: nilijua filamu. Mwanasesere, sindano, jogoo mweusi, mtu amegeuza macho meupe. Mimi niliyekunywa kombe utoto wangu wote, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, nikaambiwa bugia lote homa itoke. Mimi ambaye kila Ijumaa nakwenda mavani, namwagia maji kaburi la mke wangu, naweka mrehani, namweleza habari za wiki nzima, nani kahama na nani hajalipa. Mtu huyo ndiye aliyekuwa anaogopa mti uliopakwa mafuta.

Na niliogopa mtaa pia, nisijifanye shujaa. Mtaa huu ukisikia neno uchawi hauulizi maswali. Nilijiambia nikiliondoa sanamu lile nailinda nyumba, nawalinda mama na mtoto wenyewe. Sehemu ya hayo ni kweli. Sehemu kubwa ilikuwa goti.

Asubuhi moja mama akaenda Fordsburg kuchukua vitambaa, mtoto yuko kreshi, msusi yuko saluni. Nikafungua chumba kwa ufunguo wangu wa akiba. Hakuna mpangaji aliyewahi kunikuta ndani ya chumba chake bila kubisha, na nilikuwa najisifia hilo kwa watu. Sasa nikaingia kama mwizi, nikasema Bismillahi kizingitini, kana kwamba Mwenyezi Mungu hajui ufunguo ule ulikuwa wa kazi gani.

Kisanamu kilikuwa kimelazwa kwenye kitanda cha mtoto, upande wa ukutani, kimefunikwa shuka mpaka kifuani. Sanamu dogo la mvulana, halizidi urefu wa kiganja changu na vidole vyake. Uso umelainika kwa kupakwa mafuta, pua imeshaanza kufutika. Kimevalishwa kikanzu cha kitenge, kitambaa kile kile cha gauni la mtoto la sikukuu. Na miguuni kina soksi. Soksi za kufuma, ndogo, nyeupe.

Nilikuwa nimeshaandaa moto. Nina ndoo ya bati iliyotobolewa, naitumia wakati wa baridi, na makaa yalikuwa yamekolea. Nikakivua kikanzu. Nikakivua soksi moja. Ya pili ikanishinda. Kama kingekuwa na sindano kifuani ningekitupa motoni bila kufikiri, lakini nani anamvalisha soksi mtu anayetaka kumwua?

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekirudisha alipokitoa. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali mno kwa kiburi changu kurudi nyuma. Nikasema, basi, kama hakichomeki, kitaondoka kwa heshima. Na mikono ikaendelea yenyewe. Nikakivua na ile soksi ya pili, nikachota maji. Nikaanza upande wa kulia, kama tunavyoanza, kisha wa kushoto. Nikakipaka kafuri. Nikakinyunyizia marashi yaliyobaki kwenye chupa ya mazishi ya mke wangu, chupa niliyokuwa siigusi. Bafta ninayo daima karakana, ya sanda za watu wanaokufa bila ndugu karibu. Nikakata vipande vitatu vidogo, nikakikafini, nikafunga kamba kichwani na miguuni.

Nikachimba chini ya mzabibu, nikakilaza ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, ambacho kwetu hapa kiko kaskazini. Swala sikukiswalia. Hilo nililiona ndilo lililonibakisha ndani ya dini.

Jioni nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, kisha kimya, kisha vitu vinasukumwa. Mama akanijia na kanga imemteleza begani.

"Papa, kuna mtu ameingia kwangu."

"Ameiba nini?"

"Mtoto wangu wa mti."

Alilisema hivyo hivyo, bila kuficha na bila haya. Hakuwa na siri yoyote. Ningemuuliza angenijibu.

Nami nikamwambia labda ni wale vijana waliokuja kutazama mabomba. Siku hizi watu wanaiba kila kitu, nikasema. Kisha, na hili ndilo linalonirudia nikiwa naswali, nikamsaidia kutafuta. Nilisogeza kabati. Niliinama na goti langu bovu nikatazama chini ya kitanda. Nikatazama hadi kwenye pipa la taka. Akaniambia, "Asante, Papa, Mungu akubariki." Nikaitikia amina.

Mtoto hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Alipopewa chakula aligawa ugali katikati, akala nusu yake, nusu ya pili akaiacha na kuweka sahani kando. Kesho yake hivyo hivyo. Mama akamwekea zaidi, naye akagawa zaidi. Baadaye akaanza kula robo tu, amsubiri mwenzake. Akawa anakaa kwenye ngazi ya mbele, chini ya kigae, anatazama geti. Mashavu yakamwisha.

"Unamngoja nani?" nikamuuliza siku moja, nikitoka karakana.

"Kaka yangu, Mkhulu. Amechelewa."

"Ameenda wapi?"

Akanitazama kana kwamba mimi peke yangu sijui kitu anachokijua kila mtu. "Kukata kuni."

Nilirudi ndani nikakaa juu ya kochi la mteja, jambo ambalo sifanyi. Nikaenda kwa mama yake. Alikuwa kwenye cherehani, nguo iko chini ya sindano, lakini hashoni.

"Huyu mtoto anasema kaka yake ameenda kukata kuni. Kaka gani?"

"Walizaliwa wawili, Papa. Kaka yake alikaa muda kidogo, akaenda msituni."

"Mtoto mchanga? Msituni?"

"Ndivyo tunasema kwetu. Pacha hatusemi amekufa. Ukisema amekufa, mwenzake atamfuata. Ameenda msituni kukata kuni, na nafasi yake nyumbani inabaki. Anachongewa mwili wa mti akae humo. Huyu akioga, na yule anaoga. Huyu akila, na yule anakula. Ndiyo mtoto anakua bila huzuni."

"Na hiyo ndiyo vudu?"

"Ni kidogo tu ya vudu. Vudu ni dini, Papa. Kuna Mungu mmoja mkubwa aliyeumba, kwetu tunamwita Mawu. Yuko mbali, hasumbuliwi kila saa. Kuna wale aliowaweka karibu na sisi, wa bahari, wa radi, wa ardhi. Kuna wazee wetu waliotangulia. Tunaimba, tunachinja, tunakula pamoja, tunakumbuka watu wetu. Na Jumapili mi naenda misa. Unaona nini cha kukuogopesha?"

"Hiyo ya wa bahari na wa radi ni shirki, ni kumshirikisha Mungu," nikasema. Siwezi kuacha kuwa mimi.

"Sawa. Na yale maji unapeleka makaburini kila Ijumaa? Mke wako ana kiu?"

Najua jibu la shehe, lakini yule mama hakumuuliza shehe.

"Na sindano?" nikamuuliza.

Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu siku ile. "Sindano ninazo nyingi, Papa, ziko hapa ku mashine. Mtu akitaka kukuua hapa Joburg ahangaike na sanamu? Bastola zimekwisha?" Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Watu wabaya wapo kwetu, ndiyo. Wanaweza kuchukua kitu kizuri wafanyie ubaya. Lakini na nyinyi mnacho cha kwenu. Msusi ameniambia."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba Watanzania mna kisomo cha mwizi. Halbadiri. Mnasomea mtu, tumbo linavimba mpaka anarudisha."

Nikavua kofia, nikaivaa tena.

"Papa, wewe ni mzee wa dini. Naomba unisomee. Sitaki afe. Nataka arudishe tu. Nimeongea na nyumbani kwa simu, wanaweza kunichongea mwingine, lakini wanauliza yule wa kwanza yuko wapi. Kama amechomwa, kuna cha kufanya. Kama ameibwa, kuna cha kufanya. Siwezi kuwaambia sijui."

Halbadiri naijua. Nimekaa kwenye visomo vyake, Tanga na hapa. Tuliwahi kumsomea mtu aliyetorosha mali ya mwenzetu, nasi tukaitikia kwa sauti, tukala wali baadaye. Hakuna aliyetuita wachawi. Wala sisi wenyewe hatukujiita hivyo. Tulikwenda nyumbani tumeshiba, tumeridhika. Na sasa mwanamke niliyemwogopa kwamba anaweza kumdhuru mtu kutoka mbali alikuwa ananiomba mimi nimdhuru mtu kutoka mbali, na ananipunguzia: asife.

"Nitatazama," nikamwambia. Nikatoka.

Nilizunguka na jambo lile huku na huku. Nikisema ukweli, nimemwibia mpangaji. Nikiwaambia wenzangu wa msikitini, mwosha maiti wao amelikafini sanamu kwa bafta ya waja wa Mungu. Hawataniacha nikamguse tena maiti yeyote, na watakuwa na haki. Nikinyamaza, mtoto anazidi kukonda. Aibu ikawa inaniita kila upande. Sikuchagua kusema kwa sababu mimi ni mwema. Nilitoka karakana mchana nikamkuta mtoto kwenye ngazi, hajaenda kreshi kwa udhaifu, amelala ameegemea ukuta, na mkononi ameshika kipande cha mkate ambacho hakukila. Alikuwa amekikata nusu, sawasawa kabisa.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Sisomi kisomo," nikamwambia.

"Kwa nini, Papa?"

"Nitakuwa najisomea mwenyewe. Nilimchukua mimi."

Kisu kikasimama. Hakuniangalia.

"Ulimtupa?"

"Hapana."

"Ulimchoma?"

"Nilitaka. Sikuweza."

"Uliwapa watu?"

"Hapana. Nilimzika."

Akaweka kisu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi; mtu akinitukana najua pa kusimama.

"Ulimwosha?" akaniuliza.

"Nilimwosha."

"Na nini?"

"Maji. Kafuri. Marashi ya mke wangu."

"Ulimvika?"

"Sanda. Vipande vitatu."

"Uso wake uliuelekeza wapi?"

"Kibla."

Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. "Ulimwosha vizuri, Papa. Na ni wewe peke yako umemfanya mtoto wangu afe. Hata hospitali hawakuweza. Walipomchukua mi nilisema ameenda msituni. Wewe umemlaza kama maiti." Akafuta uso kwa kanga. "Huyu mdogo asisikie hilo neno. Nenda kachimbe."

Nilichimba kwa mikono, niliogopa jembe. Mvua ilikuwa imeingia. Bafta imegeuka rangi ya chai, na kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni ulikuwapo ufa. Mti ulivimba ukapasuka. Nikamwambia mama nina gundi nzuri ya mbao na vibano, nitauziba usionekane. Hiyo ndiyo kazi yangu.

"Usiguse tena," akasema. "Huo ni wake sasa."

Akamwogesha mwenyewe, kwa sabuni na maji ya moto, mimi nimesimama mlangoni nimeshika taulo. Akamvalisha kikanzu na soksi zote mbili, nilivyokuwa nimevificha kwenye boksi la sponji. Akamfungia kifuani kwa kitambaa, akatoka naye mpaka kwenye ngazi.

Mtoto akaamka, akamwona kaka yake. Hakupiga kelele. Alimchukua akamtazama, akapitisha kidole juu ya ufa.

"Nani amempiga?"

Mama aligeuza uso akanitazama mimi. Alinitaka nijibu mimi, kwa kinywa changu.

"Hakupigwa na mtu," nikasema. "Alikuwa msituni. Mti ulimwangukia alipokuwa anakata kuni."

"Ulimkuta wewe, Mkhulu?"

Mama bado ananitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimkuta mimi."

Usiku ule mtoto alikula mpaka mama akamwambia polepole. Na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemleta kaka yake. Kreshi wamesimuliwa. Mwenye spaza, lile duka dogo la kona, amesimuliwa, kila nikipita ananiita baba wa msituni. Msusi naye akaja karakana.

"Papa, nasikia weye ndiye ulikapata kale kasanamu. Wapi?"

"Msituni."

"Msitu gani Rosettenville?"

"Na dirisha gani ulikuwa unachungulia wewe?" nikamuuliza, akaenda zake.

Mama hajamwambia mtu. Hajahama pia, ingawa nilimwambia akitaka kuhama nitambebea vitu kwa gari langu. Akasema mtoto amezoea hapa. Ufunguo wa akiba nimempa yeye. Maiti bado naosha. Wiki iliyopita alikuwa kijana wa Tanga, na nilipoanza upande wa kulia mikono ilisita, wenzangu wakadhani ni uzee. Niliwaacha wadhani.

Lakini jioni ndiyo ngumu. Nikifunga karakana mtoto ananiita nikae nao uani. Zamani alikuwa anagawa ugali mara mbili, wake na wa kaka yake. Siku hizi anagawa mara tatu. Fungu langu ndilo kubwa, anasema, kwa sababu Mkhulu alitembea mbali kumtafuta. Ananisogezea sahani, na kaka yake amekaa kando yangu na soksi zake, uso wake na ufa ule.

Nakula. Mama yake ananitazama mpaka nimalize.